Askari wa Keya na Jamaa Zao: Deni Lililobaki Kuandikwa

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ni desturi ya vitabu vya kumbukumbu kama hiki kuwataja wazee waliotutangulia: waliosimamisha misikiti, waliosomesha watoto chuoni, waliotoa viwanja vya makaburi. Lakini msomaji akiuliza wazee hao walifikaje katika nchi hii ya Uganda, ataona kwamba kwa jamaa nyingi jibu ni moja: walikuja na jeshi. Mwanamume alikuja na bunduki begani, na nyuma yake mkewe alikuja na mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Mji wa Bombo ulikua hivyo, na mitaa mingine ya Waislamu iliyo karibu na kambi za zamani kadhalika.

Makusudio ya makala haya ni kueleza kwa ufupi habari za askari hao na jamaa zao, tangu siku za Sudani mpaka vita vya Burma, na kuonyesha kwa nini habari hizo zimetupasa kuziandika sisi wenyewe, tena upesi. Waliokuwa na nguvu ya kuziandika zamani hawakuziandika; na waliozijua kwa macho yao karibu wote wamekwisha rejea kwa Mola wao.

MWANZO WA KIKOSI

Khartoum ilipotekwa na majeshi ya Mahdi mwezi wa Januari 1885, askari wa serikali ya Misri waliokuwa kusini, katika jimbo la Ikweta, walikatiwa njia ya kurudi. Liwali wao, Emin Pasha, aliondoka mwaka 1889 pamoja na Stanley kwenda pwani. Walakini wengi wa askari wake walibaki karibu na Ziwa Albert, chini ya ofisa Msudani aliyeitwa Selim Bey. Mwaka 1891 Kapteni Lugard, mtu wa kampuni ya Kiingereza, aliwafuata huko akawachukua wawe askari wake katika ngome za Toro na Bunyoro.

Hapa kuna jambo ambalo lapasa kutiliwa maanani. Askari wenyewe walikuwa kiasi cha 600 tu. Lakini watu waliofuatana nao, wake, watoto, jamaa na watumishi, walikuwa maelfu kadhaa. Kwa hiyo kikosi hiki tangu siku yake ya kwanza hakikuwa kikosi cha wanaume peke yao. Kilikuwa mji mzima uendao kwa miguu. Mwenye kuandika habari za askari na kuacha habari za jamaa zao ameandika sehemu ndogo na kuacha kubwa.

Wala tusifiche asili ya baadhi ya wazee hao. Wengi wao, au baba zao, walikamatwa utotoni katika nchi za Sudani ya kusini na ya magharibi, wakatiwa utumwani, kisha wakatiwa jeshini. Majina kama Farajalla, Rehani, Murjani na Almasi aghalabu yalikuwa majina ya kupewa. Jina la kwanza, lile aliloitwa na mama yake, limepotea. Uislamu na jeshi ndivyo vilivyowakusanya watu wa makabila mbalimbali wakawa jamaa moja, wakazungumza Kinubi, ambacho ni Kiarabu kilichogeuzwa na kambi, na Kiswahili pamoja nacho. Hata maneno ya vyeo, ombasha na shaushi na efendi, yametoka Uturuki, yakapitia Misri, yakaingia katika Kiswahili cha askari.

Selim Bey mwenyewe hakudumu. Mwaka 1893, wakati wa fitina kati ya wakubwa wa Kiingereza na Waislamu wa Buganda, alishukiwa kwamba anawaunga mkono ndugu zake katika dini. Akakamatwa, naye ni mgonjwa, akapelekwa njia ya pwani, akafia safarini.

Mwaka 1895 askari hawa walitiwa katika jeshi lililoitwa Uganda Rifles. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Septemba 1897, baadhi yao waliasi. Malalamiko yao yalikuwa wazi: mshahara ulikuwa mdogo nao wacheleweshwa, safari zilikuwa hazina kikomo, na sasa waliamrishwa kuondoka tena na kuwaacha wake na watoto wao. Walishika ngome ya Lubwa katika Busoga. Maofisa wa Kiingereza wakauawa, na waasi wengi wakauawa katika mapigano yaliyoendelea mpaka mwaka 1898. Serikali iliyaita maasi hayo khiana. Lakini ukiyasoma malalamiko yale kwa utulivu utaona kwamba moja katika mambo makubwa lilikuwa ni jamaa: mtu hakukubali kutenganishwa na nyumba yake pasipo kujua atarudi lini.

Tarehe 1 Januari 1902 majeshi ya Uingereza ya Afrika ya Mashariki na ya Kati yaliunganishwa kuwa kikosi kimoja, King's African Rifles, ambacho watu walikiita Keya. Askari wa Uganda wakawa batalioni ya nne, na Bombo ikawa makao yake kwa miaka mingi. Batalioni hiyo haikuwa ya Wanubi peke yao wala ya Waislamu peke yao. Waacholi, Walango, watu wa West Nile na wengineo waliingia kwa wingi. Lakini mji uliokua kando ya kambi ulikuwa mji wa Waislamu, na adhana ilisikika ndani ya laini za askari.

VITA VYA KWANZA NA MAJINA YASIYOCHONGWA

Vita vilipoanza mwezi wa Agosti 1914, Keya ilikuwa na batalioni tatu. Vilipokwisha ilikuwa na 22, na watu wapatao 35,000. Watu wa Uganda walilinda kwanza mpaka wa Mto Kagera, kisha wakaingia katika nchi ambayo leo ni Tanzania, wakaenda mpaka Msumbiji. Jenerali von Lettow-Vorbeck aliposalimu amri huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, siku kumi na nne baada ya vita kwisha Ulaya, miongoni mwa waliokuwa wakimfuata nyuma walikuwamo askari wa batalioni ya nne. Upande wa pili wa vita walikuwako pia askari Waafrika, wengi wao Waislamu, wenye vyeo vile vile vya ombasha na shaushi, na baadhi yao asili yao ni Sudani hiyo hiyo. Kwa hakika ndugu alipigana na ndugu, kila mmoja chini ya bendera ya mgeni.

Na nyuma ya kila askari walikuwako wachukuzi. Jina la jeshi la wachukuzi lingali hai katika soko la Kariakoo huko Dar es Salaam, ingawa wanunuzi wengi hawajui maana yake. Wachukuzi waliokufa wahesabiwa kwa makumi ya maelfu, na wengi hawakufa kwa risasi bali kwa kuhara, homa na njaa.

Baada ya vita serikali ya Uingereza ilisimamisha sanamu za askari: Dar es Salaam mwaka 1927, na Nairobi mwaka 1928. Mnara wa Nairobi una maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, nayo yaahidi kwamba mtu akifa kwa kuipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Ni ahadi nzuri. Lakini mwenye kuuzunguka mnara ule atatafuta jina la askari mmoja, asilione. Maana halikuchongwa hata moja. Wana waliambiwa walikumbuke jina, na jina lenyewe hawakupewa.

Jambo hilo halikutokea kwa kusahau. Mwaka 1917 iliundwa tume ya makaburi ya vita ya dola ya Uingereza, na kanuni yake ilikuwa kila aliyekufa atajwe kwa jina lake, awe mkubwa au mdogo. Afrika ya Mashariki kanuni hiyo haikufuatwa kwa askari na wachukuzi Waafrika. Zilipita karne moja na zaidi kabla ya tume hiyo kukiri. Katika ripoti yake ya mwezi wa Aprili 2021 ilisema kwamba waliokufa katika Vita vya Kwanza, Waafrika, Wahindi na wengineo, kiasi cha 45,000 mpaka 54,000 walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na labda hata 350,000, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hao ni watu wa Afrika ya Mashariki na Misri.

Tazama tofauti ya hesabu hizo mbili, 116,000 na 350,000. Mtu akipotewa na ng'ombe humjua kwa rangi na kwa alama. Hapa watu wamepotea, na hesabu yao yaweza kuzidi mara tatu bila mwenye kusema kwa yakini.

MKE WA ALIYEPOTEA

Wako watakaosema: aliyekufa amekufa, yamfaa dua, wala halimfai jina katika karatasi. Ni kweli kwamba Mwenyezi Mungu awajua waja wake wote. Lakini sheria yetu yenyewe yatufundisha kwamba habari ya kifo si jambo la wafu tu. Ni haki ya walio hai.

Mume akifa, mke hukaa eda miezi minne na siku kumi. Mali yake hugawanywa kwa mafungu yaliyowekwa. Wosia wake hutekelezwa, deni lake hulipwa. Yote hayo yahitaji jambo moja: kujua kwamba amekufa, na siku gani. Ikiwa haijulikani, mtu huyo huitwa mafkudi, yaani aliyepotea, na wanazuoni wamelijadili jambo lake kwa urefu. Katika madhehebu ya Imamu Malik, ambayo yalifuatwa na watu wengi wa Sudani, mke wa aliyepotea hupeleka shauri lake kwa kadhi, akangojea miaka minne, kisha akakaa eda ya kufiwa. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, kauli mashuhuri ni kwamba mke hangoji muda maalumu, bali hungoja yakini.

Basi fikiri habari ya mwanamke ambaye mumewe alikwenda vitani mwaka 1916, na ofisi haikuandika kifo chake. Je, huyo ni mke au ni mjane? Akiposwa, aitikie? Watoto warithi, au wangoje? Alipokosa karatani wa jeshi kuandika mstari mmoja, mwanamke alifungwa miaka nyumbani mwake. Na ikiwa mume alikuwa mchukuzi tu, asiyekuwa na namba wala kikosi kinachojulikana, nani wa kumpa habari? Ndiyo maana twasema kwamba daftari la majina si anasa ya wasomi. Kukosekana kwake kuliingia ndani ya nyumba za watu, katika ndoa zao na mirathi zao.

VITA VYA PILI

Vita vya Pili viliwachukua watu wengi zaidi. Kutoka Uganda peke yake waliingia jeshini watu wapatao 77,000. Keya ilipigana na Wataliani katika Uhabeshi mwaka 1941, ikaenda Bukini mwaka 1942, kisha ikavuka bahari mpaka Ceylon, na kutoka huko ikaingia Burma. Mwaka 1944, katika majira ya mvua kubwa, Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki iliteremka Bonde la Kabaw kuwafukuza Wajapani. Batalioni ya nne ilikuwamo, na batalioni nyingine ya Uganda, ya 44, ilikuwamo pia. Barabara zilikuwa tope, mizigo mingi ilibebwa na watu au ilitupwa na ndege, na malaria iliwaangusha watu kama risasi. Tarehe 2 Desemba 1944 waliingia Kalewa, kwenye ukingo wa Mto Chindwin.

Njiani kulikuwa na msiba mkubwa. Meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa mwezi wa Februari 1944 ikielekea Colombo, imechukua wapiga mizinga wa Afrika ya Mashariki pamoja na mabaharia na wauguzi. Tarehe 12 ya mwezi huo, karibu na visiwa vya Maldivi, ilipigwa na manowari ya Kijapani iendayo chini ya maji, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu 1,297. Hawana kaburi ila bahari, na aliyekufa kwa kuzama, kama tulivyofundishwa, huhesabiwa katika mashahidi wa Akhera.

Katika vita hivi mambo ya kuandika majina yalikuwa bora kuliko zamani. Askari walikuwa na namba. Sehemu ya mshahara ilikatwa ikapelekwa kwa jamaa kwa njia ya ofisi ya Bwana DC, kwa hiyo jina la mke au mzazi liliandikwa pamoja na la askari. Magazeti ya Kiswahili yalichapishwa kwa ajili yao. Majina ya waliokufa yakachongwa, Nairobi na katika makaburi ya Taukkyan karibu na Rangoon.

Hata hivyo jina lililochongwa si maisha. Mawe yale hayasemi mtu alikuwa mwana wa nani, wala mkewe alilima nini miaka ile minne, wala aliporudi alifanya kazi gani. Historia kubwa ya kikosi, iliyotungwa na Moyse-Bartlett na kuchapishwa mwaka 1956, imeeleza mwenendo wa batalioni na vita vyake kwa kadiri kubwa ya uangalifu. Lakini ni kitabu cha batalioni, si kitabu cha watu wa laini. Askari wenyewe walioshika kalamu ni wachache. Robert Kakembo wa Uganda alitoa kitabu chake mwaka 1946, akieleza fikira za askari Mwafrika na matumaini yake ya baada ya vita. Waruhiu Itote wa Kenya, aliyepigana Burma kisha akapigana msituni, alitoa chake mwaka 1967. Hao ni wawili katika malaki. Na wake wa askari, waliofuata kambi na waliobaki, wameacha nini? Wameacha nyimbo za doluka, na jina la kijiji fulani cha mbali alilopewa mtoto aliyezaliwa safarini. Hayo nayo ni maandishi kwa mwenye kuyasoma. Lakini mwenye kuyasoma akifa, yamekwisha.

KARATASI ZILIZOPOTEA

Uganda ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, batalioni ya nne iligeuka kuwa jeshi la nchi huru. Yaliyofuata twayajua sote. Idi Amin, aliyekuwa askari wa Keya, alitawala kutoka mwaka 1971 mpaka 1979. Na utawala wake ulipoanguka, kisasi kiliwafikia watu wengi wasio na hatia kwa sababu tu ya kabila na dini yao. Jamaa nyingi za Wanubi ziliukimbia mji wa Bombo, zikavuka mipaka kwenda Sudani na Zaire. Nyumba zikaporwa, nyingine zikabomolewa. Mwenye kukimbia usiku huchukua watoto. Hachukui sanduku la karatasi za babu. Vyeti vya kuachishwa jeshi, vitabu vya mshahara, nishani na picha vilikwenda na vyombo vya nyumba.

Hasara hiyo si ya moyo tu. Katika nchi jirani ya Kenya, jamaa za askari hao hao walipewa mahali pa kukaa Kibera, nje ya mji wa Nairobi wa siku zile. Mwaka 1918 eneo hilo lilitangazwa kuwa ekari 4,197 kwa ajili ya jeshi na watu wake. Lakini hawakupewa hati, na kwa miaka mingi watoto wao walipata taabu hata ya kupewa vitambulisho, wakiulizwa asili yao. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba watoto wa Kinubi wa Kenya walidhulumiwa haki yao ya uraia. Mwaka 2017 ndipo serikali ilipotoa hati ya ardhi kwa jamaa hao, ekari 288 hivi. Hapa Uganda Katiba ya mwaka 1995 imewataja Wanubi miongoni mwa makabila ya nchi. Na mahali po pote shauri kama hilo linapozuka, swali la kwanza ni lile lile: babu yako alikuwa nani, alikuja lini, kwa kazi gani, na nini ushahidi wako? Mwenye karatasi hujibu kwa neno moja. Asiye nayo hujibu siku nzima asisadikiwe.

NAMNA YA KUANDIKA

Katika Suratul-Baqara imo aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kitabu kitukufu, nayo yahusu kuandika deni: liandikwe, liwe dogo au kubwa, kwa mwandishi mwadilifu, na mbele ya mashahidi. Ikiwa deni la mali limeamrishwa kuandikwa hivyo, deni la wazee wetu halikosi kustahili wino kidogo.

Wala hatuhitaji kuazima elimu ya kazi hii. Waislamu ndio waliotangulia kuuliza katika kila habari: umeipata kwa nani, naye aliipata kwa nani, na je, walikutana? Ibn Saad, aliyefariki mwaka 230 wa Hijra, alikusanya habari za maisha ya maelfu ya sahaba na waliowafuata, mtu kwa mtu, na sehemu ya mwisho ya kitabu chake ni ya wanawake. Basi tuwaandike askari wetu na jamaa zao kwa kanuni hiyo hiyo.

Kwanza, jina. Liandikwe kama jamaa walitajavyo, pamoja na jina la baba na la babu, na jina jingine lo lote aliloitwa jeshini. Makarani waliandika walivyosikia. Mtu mmoja aweza kuonekana kwa tahajia tatu.

Pili, namba na kikosi. Nishani za Vita vya Kwanza zilipigwa chapa kwenye ukingo wake namba, jina na kikosi cha mwenyewe. Kwa hiyo anayo nishani hiyo anayo hati ya fedha mkononi, na akiisugua sana kwa kutaka ing'ae aweza kuifuta hati hiyo. Nyota na nishani za Uingereza za Vita vya Pili zilitolewa bila jina, na hizo zisipofuatana na karatasi na maneno ya watu hazisemi zilikuwa za nani.

Tatu, mke na watoto. Aliolewa wapi, alikaa kambi gani, nani alizaliwa wapi, alipata vipi habari za mumewe. Aulizwe bibi kama aulizwavyo babu, tena aulizwe peke yake, maana wako mabibi wasiosema mbele ya wanaume.

Nne, mnenaji. Iandikwe nani amesimulia, siku gani, na kama aliona mwenyewe au alisikia kwa mwingine. Asiyejua aandikwe kwamba hajui. Habari mbili zikihitilafiana, ziandikwe zote mbili. Wala mwandishi asichague ile impendezayo.

Tano, ukweli ulio mchungu. Askari hao walitumiwa kumpiga Kabalega wa Bunyoro, na Wanandi mwaka 1905 na 1906. Jirani zetu wana kumbukumbu yao ya bunduki zile, nayo ni haki yao. Wako waliotoroka, wako waliopora, wako waliopigwa viboko kwa kosa dogo. Tukiandika sifa tupu, kitabu chetu kitakuwa mnara mwingine: mzuri wa kutazama, na ndani yake hamna mtu.

Sita, hifadhi. Nakala moja ikae kwa jamaa, nyingine msikitini au katika chama, na nyingine mbali na mji, kwa kuwa mwaka 1979 ulitufundisha kwamba nyumba moja ikipotea yapotea yote. Picha za karatasi zaweza kupigwa kwa simu ya mkononi; lakini picha isiyoandikwa jina ni kama kaburi lisilo na alama.

Kazi hiyo haitaki mtu mwenye digrii. Yataka kijana mwenye mwandiko unaosomeka, subira, na adabu mbele ya wazee. Kijana aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1945 leo angekuwa karibu na miaka 100, na baadhi ya wana wao nao ni vikongwe. Tuliobaki nao ni watu waliosikia kwa waliosikia. Katika mlolongo wa wapokezi, kila kiungo kinachokatika hakiungwi tena.

Waislamu wa nchi zetu wayajua majina ya watu wa Badri. Wako wanaoyasoma kwa kutaka baraka, na wako wasioona vyema kuyasoma kwa haja za dunia. Lakini wote wakubali kwamba yamehifadhiwa jina kwa jina, zaidi ya watu mia tatu, kwa karne kumi na nne, tangu siku ambazo karatasi haikuwako kwao. Hatulinganishi vita na vita. Vile vilikuwa vya dini, na hivi vilikuwa vya mshahara, au vya kulazimishwa, kwa amri ya watu wengine. Twasema tu kwamba umma ulioweza kuhifadhi majina yale hauna udhuru wa kupoteza majina ya babu zake.

Mwenyezi Mungu awarehemu askari wa Keya, na wachukuzi waliozikwa kando ya njia, na waliozama baharini, na wake waliongojea, waliorudiwa na wasiorudiwa. Atupe nasi kuandika kwa uadilifu kabla ya kalamu zetu kuinuliwa. Amin.